Mkazo Uliovunja Sakafu

Mwalimu wetu wa Kiingereza mtaani Birere, mjini Goma, aliamini kwamba silabi hufundishwa kwa viungo vya mwili kabla ya kalamu: kila silabi ilipigiwa kofi, na palipokuwa na mkazo tulipaswa kukanyaga sakafu kwa nguvu. Njia hiyo ingefaa sana kama darasa lisingekuwa ghorofani, juu ya mbao zilizozeeka, na chini yake duka la mama muuza unga wa muhogo.

Waliozoea Kifaransa walikanyaga silabi ya mwisho, nasi wa kambi ya Kiswahili tukakanyaga ya pili kutoka mwisho, wala hakuna aliyejisumbua kulisikiliza neno lenyewe. Katika maneno yanayoishia kwa "-tion" na "-ic" kambi yetu ilishinda bila jasho: com-mu-ni-CA-tion, ec-o-NOM-ic. Tukaanza kutembea kwa maringo. Furaha ilipungua tulipofika "photograph", linalokazwa mwanzoni. Katika "photographer" mkazo ukahamia silabi ya pili, na katika "photographic" ukahamia ya tatu, kama mpangaji anayemkimbia mwenye nyumba.

Ndipo mwalimu akaandika "responsibility", lenye silabi sita, akatukumbusha kwamba maneno ya "-ity" hukazwa silabi ya tatu kutoka mwisho. Tuliitikia kwa vichwa, kisha kila kambi ikafuata mazoea yake. Re, spon, si: makofi matatu safi kabisa. Kwenye "bil" mwalimu alikanyaga peke yake; kwenye "i" tukakanyaga sisi; kwenye "ty" wakakanyaga wa Kifaransa, na ubao ambao ungestahimili mkazo mmoja ukashindwa na mitatu iliyofuatana. Mguu wa mwalimu ulizama hadi pajani, na kupitia tundu hilo ukapanda wingu la unga lililotufanya sote tupige chafya, bila mpangilio wowote wa silabi.

"Mwalimu," mama akaita kutoka chini, "kila jioni ninawasikia. Ni 'bil' tu! Hawa watoto wako wana masikio kweli? Na kiatu chako kiko ndani ya gunia langu."

Gunia tulililipa kwa mchango, ingawa kambi ya Kifaransa ilidai ipunguziwe, kwa hoja kwamba wao walikanyaga mwisho, ubao ukiwa umekwisha kuvunjwa na Waswahili.