Tulivyomwoshea Mzee Ukuta

Ukimwambia mtu kwenu ni Oysterbay, hapo hapo anakukopa. Hajui kwamba Oysterbay ziko mbili. Kuna ile ya maghorofa ya vioo na mageti yanayofunguka yenyewe, halafu kuna ya kwetu: nyumba ya enzi za Mwingereza ambayo Mzee aliuziwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, serikali ilipowauzia watumishi wake nyumba walizokuwa wanakaa. Mzee alikatwa mshahara mpaka deni likaisha, akastaafu, na pensheni ikatosha kila kitu isipokuwa nyumba.

Waliojenga zile nyumba walipanda miti kila upande ili wapate kivuli, na miti ikaitikia wito kupita kiasi. Mbele tuna mwembe, kando ya gereji mkungu, nyuma mzambarau. Jua likitaka kufika kwetu liombe ruhusa. Raha yake ni kwamba feni inapumzika na LUKU haikimbii. Karaha yake ni ukuta. Masika ikinyesha, kuta za majirani zinakauka siku hiyo hiyo. Wa kwetu unakaa na maji yake mpaka mvua nyingine iyakute. Chini kabisa kulikuwa na kuvu ya kijani, nene, laini, ukiibonyeza kidole kinazama na maji yanachuruzika mpaka kwenye kiwiko. Katikati, michirizi myeusi iliyoshuka kutoka kwenye gata. Juu, upande wa nyuma, kulikuwa na zambarau zenyewe, ila zilikuwa zimeshapitia tumboni mwa popo. Madoa ya namna ile hayatoki. Mama alishajaribu sabuni, jiki na dua.

Yote hayo tulikuwa tumeyazoea, hadi ukoo wa mchumba wa mdogo wangu ulipotangaza kwamba Jumamosi wanaleta mahari. Shangazi akafika kutoka Magomeni mapema ili asimamie. Hakukaa hata kwenye kiti. Alisimama uani na mkoba wake kwapani, akaukagua ukuta kuanzia chini mpaka juu.

"Kaka," alimwambia Mzee, "hawa watu wanakuja kuoa au kuvua?"

Mzee akakunja gazeti. "Ukuta huo una historia."

"Historia gani hiyo inayoota majani?"

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe Mzee akakubali ukuta uoshwe, kwa sharti moja: gereji isiguswe. Hakusema kwa nini, na sisi hatukuuliza, maana Mzee ana masharti mengi. Redio yake nayo haiguswi.

Shangazi alikuwa na mtu wake, dogo mmoja anayeosha magari na mazulia huko Magomeni, mwenye mashine ya presha. Aliahidi kuja Ijumaa asubuhi. Akaja Jumamosi saa moja na nusu, juu ya guta, amekalia mashine yenyewe, anatafuna muhogo wa kuchoma. "Foleni, bro," akaniambia. Foleni ya siku nzima.

Sasa kwa asiyezijua mashine hizi. Tairi la gari dogo unajaziwa presha 30 au 32, basi. Mashine ya kuoshea, kwa kipimo hicho hicho, inapiga 2000 na zaidi. Ndiyo maana zinakuja na nozeli za rangi rangi: nyeupe inatawanya maji kwa upana, ya kijani inabana kidogo, ya njano inabana zaidi, na nyekundu inatoa uzi mmoja tu mwembamba ambao ukiuelekeza kwenye kandambili utarudi nyumbani na moja. Nyumba ya zamani, iliyopigwa plasta ya chokaa na mchanga, kwa kweli haitaki presha hata kidogo. Unaipaka dawa ya kuua kuvu, unaiacha ifanye kazi, unasuuza kwa maji ya upole, kwa nozeli nyeupe, ukiwa umesimama mbali.

"Nyeupe unayo?" nikamuuliza.

"Nyeupe nilimwazima jamaa wa Tandika."

"Ya kijani?"

"Ilianguka mtaroni."

Alikuwa na nyekundu.

Akavuta kamba, injini ikaunguruma, kunguru wote wa mtaa wakaruka. Alipobonyeza bunduki mara ya kwanza alichora mstari mmoja ukutani, kutoka usawa wa dirisha mpaka chini. Na niseme ukweli, ule mstari ulikuwa mzuri. Mweupe, unang'aa, katikati ya kijani chote kile. Shangazi akapiga kigelegele. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi, akashika kifua. Nafikiri hata Mzee aliguswa, maana alivua miwani.

Shida ya mstari mmoja msafi ni kwamba sasa nyumba nzima imekuwa chafu. Kabla ya hapo ilikuwa ya zamani tu. Huwezi kuurudishia uchafu wake, na huwezi kuwakaribisha wakwe kwenye nyumba yenye mstari. Ni lazima uendelee, na dogo akaendelea.

Kijani kikatoka. Chini yake krimu, nayo ikatoka. Chini ya krimu kulikuwa na buluu, ambayo Mama aliitambua ("hii ni ya mwaka aliozaliwa huyu!" akaninyooshea mwiko), ikatoka na yenyewe, ikabanduka vipande vipande kama ganda la yai la kuchemsha. Tukafika kwenye chokaa. Tukafika kwenye plasta. Halafu kikaanza kudondoka mchanga.

"Dogo, simama mbali!"

"Nikisimama mbali haitoi, bro!"

"Ndiyo hivyo hivyo, isitoe!"

Hakusikia, injini ilikuwa inapiga kelele. Akapanda juu kidogo kufuata michirizi ya gata, uzi wa maji ukapita katikati ya vioo vya luva kwenye chumba cha wageni, ukatoboa wavu wa mbu, ukatua juu ya kitanda ambako Shangazi alikuwa ametandaza kitenge chake kipya, kimeshapigwa pasi, kinasubiri saa nne. Halafu ukapanda kwenye gata lenyewe na kulitoa kila lililokuwa limo: majani ya miaka, mbegu za maembe zilizoanza kuchipua, kandambili ya mtoto, na kiota cha kunguru.

Kuhusu kunguru naomba nisimame kidogo. Hawa weusi wenye shingo ya kijivu waliojaa Dar asili yao ni India. Waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, wakavuka bahari wakaja bara, na mimi sijasikia bado kunguru aliyemsamehe mtu. Ukigusa kiota chake anakushika sura. Dogo alipigwa mdomo wa kwanza kisogoni kabla kiota hakijafika chini. Akajikinga kwa ndoo kichwani, akaendelea kuosha haoni anapoosha.

Saa tatu hivi Mzee akaingia kuoga. Shangazi, ambaye kwa wakati huo alikuwa amejifunga shuka, akachungulia getini na kuona jambo la kutisha: kitu cha kwanza ambacho mgeni atakiona akiingia ni gereji. Kijani mtupu. Na maji kwenye simtanki yalikuwa yamebaki kidogo.

"Malizia na hapa, mwanangu, haraka."

"Shangazi, Mzee alisema gereji..."

"Baba yako alisema mengi. Anaoa yeye?"

Dogo akageuza bunduki. Kijani kikatoka, krimu ikaanza kubanduka, kwa wepesi ambao hatukuuona kwenye ukuta wa nyumba. Ilikuwa inavuka kwa mapande mapana mapana. Baadaye ndipo nilielewa sababu: ilikuwa rangi ya maji iliyopakwa juu ya rangi ya mafuta, na rangi ya maji haijawahi kuishika ya mafuta vizuri. Kwanza ikatokea pembe nyekundu. Tukadhani ni ua. Kisha pembe ya pili, ikakatiza ya kwanza.

Ilikuwa X. Nyekundu, kubwa, imepakwa kwa mkono usio na haraka. Mtu yeyote wa Dar anaijua X ile, hahitaji kufafanuliwa. Pembeni yake zikaanza kujitokeza herufi: B, O, M, O...

Hapo maji yakaisha.

Yaliisha nje, na yaliisha bafuni. Mlango wa nyuma ukafunguka kwa kishindo, Mzee akatoka amejifunga taulo, povu la sabuni kuanzia kichwani mpaka magotini, jicho moja limefumba. "Nani kamaliza ma..." Jicho lililo wazi likaiona gereji. Akanyamaza. Povu likaendelea kushuka lenyewe.

"Baba fulani," Mama akasema taratibu, na Mama akisema taratibu watu huwa tunatafuta viatu. "Hiki ni nini?"

Ikabidi yasemwe. Zamani kidogo, Mzee aliisogeza gereji mbele ili gari liingie na mlango ufunge, ikala upande wa barabara. Wahusika wakaja na futi ya kupimia na kopo la rangi. Mama alikuwa kwao, Tanga. Mzee akasubiri tingatinga, halikuja. Akasubiri barua, haikuja. Akanunua kopo la krimu, akapaka jioni moja, akanyamaza. Mkungu ukakua, kuvu ikafuata, na wale wenye rangi hawakuonekana tena.

"Kumbe miaka yote hii ninalala kwenye X?"

"Gereji tu, mke wangu. Chumba hakimo."

Washenga wa Dar wakikwambia saa nne, ujue saa nne wanaanza kutafuta soksi. Hawa walifika saa nne kasorobo. Sijui ni ukoo wa aina gani. Tulisikia "Hodi!" getini, Mzee akarudi ndani mbio na povu lake, Mama akakimbilia kitenge kilicholowa, dogo akajificha nyuma ya mwembe na ndoo yake, nikabaki mimi na Shangazi mwenye shuka.

Wakaingia. Aliyetangulia alikuwa mzee mmoja mrefu, mwenye baraghashia na fimbo. Hakufika mbali. Kunguru walikuwa bado wanamtafuta mwenye kosa, na kichwa chochote kilikuwa kinawafaa. Mmoja akashuka, akaigonga baraghashia, ikaanguka kwenye tope la chokaa. Mzee wa watu akainama kuiokota, na alipoinuka macho yake yakawa sawa sawa na gereji. Akatoa miwani mfukoni. Akasoma kwa sauti.

"Bo... mo."

Kimya. Shangazi akanishika bega.

"Huyu kijana wetu," akasema, "ni mwalimu wa hesabu. Anafundisha watoto wa jirani hapo ukutani. Walikuwa wanatafuta X."

Mimi nafanya kazi bandarini.

"Ahaa," mzee akasema. "Na Bomo?"

"Ndiye aliyeipata."

Tukawaingiza ndani. Wakala pilau, wakanywa juisi ya ukwaju, na katikati ya mlo mzee yule akanieleza kwa kirefu habari za mjukuu wake wa kidato cha pili ambaye aljebra imemshinda, akataka kujua naanza naye lini. Nikasema baada ya sikukuu. Mdogo wangu, aliyekuwa amefungiwa chumbani kwa mujibu wa mila, alikuwa anacheka mpaka ukuta unasikika, kile kilichobaki cha ukuta.

Mzee wetu akatokea amevaa suti. Sabuni ilikuwa imekaukia masikioni, lakini alikaa kwa heshima zake zote. Mshenga akakohoa.

"Mzee mwenzangu, sisi tulikuja na nusu ya mahari, nusu nyingine tuilete karibu na harusi, Desemba. Ila kwa nilivyosoma pale nje, mimi nilifanya kazi ya barabara kwa miaka mingi, na ile alama kuna siku niliipaka kwa mkono wangu. Sisemi ile. Za aina ile. Nikaona labda harusi tuisogeze mwezi huu, kabla ya mwenye tingatinga."

Nikaangalia chini. Shangazi akaangalia dari. Mzee alikunja mguu juu ya mguu.

"Umesema vizuri," akajibu. "Basi mahari nayo ilipwe yote leo, maana anwani yangu ya mwezi ujao siifahamu."

Wakaangaliana. Kisha mshenga akacheka, akacheka mpaka baraghashia ikaanguka tena, akawageukia wenzake, wakachangishana pale pale. Mmoja alitoka nje mpaka kwa wakala wa simu kwenda kutoa hela. Mama akapiga kigelegele cha pili cha siku ile, kikiwa kimelowa.

Kilichobaki kilikuwa ni malipo ya dogo. Alidai ya kuosha, ya guta, ya kunguru, na nyongeza ya herufi, kwa hoja kwamba kufukua maandishi ni kazi ya kitaalamu. Mzee akampa nusu, akamwambia nusu nyingine atapewa siku ataleta A.

Hajaileta, lakini shughuli hana shida nazo. Habari za X zilizunguka mtaa mzima kabla pilau halijaisha, na majirani wenye kuta zinazochungulia barabarani, wale wale wa mageti yanayofunguka yenyewe, sasa wanamwita mmoja mmoja, jioni, taa zimezimwa. Hawataki aoshe ukuta wote. Wanataka afungue kidogo tu pembeni, wachungulie.