Mforosadi upimwe kiangazi, si masika

Kila tangazo la miche ya mforosadi, mti ambao majani yake hulishwa viwavi wa hariri na ng'ombe, husifia mambo yale yale: majani mengi, mapana, yanayochipua upesi. Sawa, lakini masika yakikolea ni mforosadi gani hautoi majani? Mimi ningeuliza una nini Oktoba, vuli inapochelewa.

Aina tunazoziimba Kenya zina kwao. Kanva-2 ilitoka Karnataka, India. V-1, iliyotolewa Mysore mwaka 1997, inajulikana kwa wingi wa majani, ila sifa hiyo ni ya shamba linalomwagiliwa. Wahindi wanalijua hilo, ndiyo maana wakulima wao wa udongo mwekundu wanaotegemea mvua walitafutiwa S-13. Sisi tunaagiza jina, maji yanabaki huko huko.

Halafu kuna mazoea ya pingili. Jirani akipogoa, unaomba fimbo, unachomeka, inaota. Ni rahisi mno, na hapo ndipo penye hatari: kijiji kizima kinakuwa na mti mmoja uliokatwakatwa, na ugonjwa unaouweza mmoja unaiweza yote. Isitoshe, pingili haina mzizi mkuu. Mizizi yake hutanda juujuu, ilhali mche wa mbegu hushuka chini kufuata unyevu. Kweli, mbegu haitoi mti unaofanana na mama yake, hivyo mkulima hana haja nayo. Mtafiti ndiye anayeihitaji, kwa sababu hiyo hiyo. Ningekuwa na usemi, ningesia mamia ya mbegu Kitui au Machakos, miche ikishika niiachie jua, kisha nibebeshe, yaani niunganishe, kikonyo cha aina tuliyoizoea juu ya mashina yaliyosalimika.

Lakini kubaki kijani hakutoshi. Viwavi wachanga wa hariri wanataka jani laini, ambalo robo tatu ya uzito wake au zaidi ni maji. Wape gumu uone: watalikwangua kidogo, watainua vichwa, kisha mmoja mmoja wataanza safari ya kwenda ukingoni mwa trei. Wakifika hatua ya tano ya ukuaji, ya mwisho, hula zaidi ya asilimia 80 ya majani yote ya maisha yao. Majani yakikatika juma hilo, kazi ya karibu mwezi mzima imekwenda. Na mvua isiyo ya msimu nayo haina heri, maana majani mabichi yenye maji juu yake huwaletea maradhi.

Ng'ombe wa maziwa hana maringo kiasi hicho. Kwake mforosadi ni protini ya bei nafuu, na jani lililokomaa analitafuna. Kwa hiyo sioni kwa nini mfugaji wa ng'ombe na mfugaji wa viwavi wauziwe mche mmoja.

Utafiti huo utachukua miaka. Kwa sasa, mwenye ua wa miforosadi apite kiangazi kikiwa kikali, saa nane mchana, afunge utepe kwenye miti ambayo majani yake hayajalegea. Mvua ikinyesha, pingili azikate hapo.