Mlezi Akisema "Kwetu Ndivyo", Afisa wa Watoto Afanyeje?

Nyumba nyingi za Nairobi, Kayole hata Lang'ata, zimewahi kukaa na mtoto wa ndugu aliyetoka mashambani "aje asome". Wapo wengi waliopata elimu kwa njia hiyo. Sheria ya Watoto ya 2022 inatambua malezi ya jamaa, pamoja na kafala, yaani malezi ya mtoto asiye wako kwa taratibu za Kiislamu, na mkakati wa serikali wa 2022 hadi 2032 unataka watoto watoke kwenye makao ya watoto warudi kwa familia. Afisa wa watoto, yule wa serikali anayefuatilia usalama wao, akidhani kila mtoto asiye na mzazi nyumbani ametelekezwa atavunja malezi yaliyokuwa yakienda vizuri.

Wanaotaka maafisa wafunzwe mila wana hoja nzito. Fomu ina nafasi ya mama mmoja, mtoto anataja watatu; mgeni wa mambo ataandika kwamba anajikanganya. Kule Eastleigh, afisa asiyejua Kisomali huenda akamwomba jirani amtafsirie, kumbe jirani ni wa ukoo wa anayetuhumiwa. Mtoto ananyamaza, na faili linafungwa.

Wapinzani wao wanauliza: je, mila ikigeuzwa ngao? Victoria Climbié, mtoto wa Ivory Coast, alichukuliwa na shangazi ya baba yake kwa ahadi ya kusomeshwa Ulaya. Februari 2000 alifariki London kwa mateso, akiwa na miaka 8. Uchunguzi wa serikali ya Uingereza ulioongozwa na Lord Laming, uliotoa ripoti 2003, ulisikia kwamba mtoto alikuwa akisimama wima mbele ya walezi wake, na mhudumu akachukulia kuwa ni heshima ya familia zenye asili ya Karibea. Karibea, jamani, kwa mtoto wa Afrika Magharibi!

Kwangu mimi, kilichokosekana pale ni ujuzi wa mila. Palikuwa na kubahatisha tu, kukavikwa vazi la heshima. Anayejua desturi anajua pia inamdai nini shangazi: mtoto wa ndugu hula chungu kimoja na binamu zake. Basi ataulizia hayo. Nani huamka kwanza kuwasha jiko? Binamu wako shule gani, naye yuko ipi? Aliongea lini na mamake, na simu ilikuwa imewekwa spika?

Kuhusu ukeketaji, hata ukiitwa mila, hakuna cha kupima. Sheria ya 2011 imekataza. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni nani anaisemea mila. Mara nyingi ni wazee, wengi wao wanaume, na wapo waliokubaliana mbuzi kadhaa yaishe, hata kwa kesi ya unajisi, bila mtoto kuulizwa neno. Ibara ya 53 ya Katiba inatanguliza maslahi ya mtoto, wala haisemi maslahi ya ukoo.

Ndiyo maana siungi mkono kumpa kila afisa kesi za kabila lake. Atakutana na familia hiyo hiyo kwenye harambee, na shinikizo litamfuata hadi kwake. Afadhali afisa yeyote, mkalimani asiye na udugu na nyumba hiyo, na ziara ya pili bila taarifa, saa ambazo watoto wanapaswa kuwa shuleni. Hayo yanahitaji nauli na muda, na afisa mwenye rundo la faili hana vyote viwili. Pesa za semina za hotelini zingeanzia hapo.