Gari la masika hutengenezwa Agosti

Kwenye dashibodi ya gari langu kuna kitufe ambacho hakijapata kazi ya maana tangu kivuke bahari. Kina mchoro wa kioo na vimistari vya mvuke. Kazi yake ni kupasha moto kioo cha mbele pale chini waipa zinapolala, ili zikigandishwa na barafu usiku ziachie asubuhi. Hapa Dodoma, hata Julai ile upepo unapokata masikio na watu wanakwenda kazini na makoti, barafu utaikuta kwenye friji tu.

Lakini kitufe hicho ndicho kilichonijulisha kwamba hii Subaru Legacy B4 ya 1999, kwao, ilikuwa gari la baridi. Mtu fulani sehemu ya theluji kule Japani aliiendesha miaka yake, akaichoka, ikapakiwa melini pamoja na mitumba mingine. Huku kwetu theluji hakuna, kuna tope, na mimi ndiye naipitisha kwenye tope hilo kati ya Nzuguni na Mji wa Serikali ulioko Mtumba. Kila siku mtumba unanipeleka Mtumba. Utani huu wenzangu ofisini walishauchoka mwaka juzi.

Kila ikifika Oktoba anatokea mtu wa kunishauri niiuze ninunue gari la juu. "Masika hayo yanakuja, utabaki barabarani." Huwa namkumbusha simulizi ya Wagogo kuhusu jina la mji huu: tembo alikuja kunywa maji, akadidimia kwenye tope, watu wakasema idodomya, amezama. Tembo, tukumbuke, ni fowili, anasukuma kwa miguu yote minne, na amenyanyuka kuliko Prado yoyote.

Ninachokiamini ni hiki. Dodoma hupata mvua ya takriban milimita 570 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Si mvua nyingi, ila inashuka kwa pupa, ndani ya saa moja barabara ya mtaa imekuwa mto, kesho yake mchana watu wanafagia vumbi mlangoni. Miezi mingine saba ni kiangazi kitupu. Kwa hiyo gari linalokufa Januari lilianza kuugua Agosti. Vumbi ndilo muuaji, mvua huja kutangaza msiba.

Niliinunua kwa kijana mmoja aliyeipenda sana, na hapo ndipo matatizo yalipoanzia. Alikuwa amekata springi kwa grainda ili ilale chini. Bomba la moshi lilikuwa pana kama debe, trafiki alikuwa ananisikia kabla hajaniona. Taa za bluu, ambazo kwenye mvua mwanga wake unakurudia mwenyewe usoni. Rimu za inchi 18 zilizovalishwa tairi nyembamba kama mkanda wa suruali. Chujio la hewa la asili lilitupwa, badala yake kukawa na koni ya wazi inayovuta hewa ya moto na kila punje ya vumbi inayopita boneti. Marekebisho yangu karibu yote, mwaka mzima wa kwanza, yalikuwa ya kurudisha nyuma marekebisho yake. Na bado nashikilia kwamba hiyo ndiyo modi bora niliyowahi kuifanya kwenye gari.

Nilianza na tairi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wengi wanapoumia na Subaru. Nilishuka hadi rimu za inchi 16 na tairi za 205/55, yaani upana wa milimita 205 na ukuta wa asilimia 55 ya upana huo. Ukipiga hesabu, ukuta wa tairi ulikuwa milimita 75, sasa ni karibu 113. Mpira huo wa ziada ndio unaopokea shimo badala ya rimu, na gari limeinuka zaidi ya sentimita moja bila kugusa shokapu.

Nilinunua zote nne siku moja, aina moja. Mke wangu aliuliza kwa nini nisibadilishe mbili zilizokwisha kwanza. Swali la haki kabisa kwa gari lingine. Hili langu la manyuo, yaani la gia za mkono, linavuta kwa magurudumu yote manne na lina kifaa katikati ya gia boksi chenye sahani ndani ya mafuta mazito ya silikoni, kinachogawa nguvu nusu mbele nusu nyuma. Magurudumu ya mbele na nyuma yakizunguka kwa mwendo tofauti kidogo, kama kwenye kona, kifaa kinavumilia. Lakini ukifunga tairi mpya mbele na kipara nyuma, unakilazimisha kuvumilia kilomita zote za maisha yake. Kinapata joto, mwisho kinang'ang'ana, na gari linakaza ukikata kona polepole kana kwamba umesahau hendibreki. Subaru wenyewe hawataki mduara wa tairi moja na nyingine upishane zaidi ya milimita 6 hivi. Sisi tuliozoea kununua tairi moja moja kwa kadiri mfuko unavyoruhusu tunakiua kifaa hicho, kisha tunasema Subaru ni gari bovu.

Kitu kingine kwenye tairi ni tarehe. Pembeni kuna tarakimu nne, 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Jua letu halisubiri kashata, yaani meno ya tairi, ziishe, linakausha mpira hadi unapasuka nyufa ndogo pembeni, na mpira mkavu kwenye lami iliyolowa ni sabuni. Nimeona watu wanauziwa tairi ya mtumba yenye kashata nzuri kabisa, ukisoma tarehe inakaribia umri wa mtoto wa sekondari.

Inanichekesha kwamba hata huko ilikotoka, vumbi na tairi zina historia. Zamani Wajapani wa sehemu za baridi walifunga tairi za misumari ili zishike barafu. Misumari ikawa inachimba lami, miji ikajaa vumbi, na mwaka 1990 ikatungwa sheria ya kuzizuia. Kwa hiyo gari langu lilikimbia nchi iliyopigana na vumbi la barabarani hadi bungeni, likaja kustaafu Dodoma.

Baada ya tairi, suala la kunyanyua gari. Fundi wa kwanza niliyempelekea alikuwa na jibu tayari.

"Bosi, tuweke spesa za inchi mbili. Shimo utaliruka tu."

"Na shafti, fundi?"

"Shafti itazoea."

Shafti haikuzoea. Ukipandisha bodi kwa spesa, vile vipande vya kuinulia juu ya shokapu, shafti zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu zinakaa kwa pembe kali, raba zake zinajikunja, zinachanika, grisi inamwagika na mchanga unaingia mahali palipokuwa na grisi. Baada ya miezi minne nilianza kusikia ile tak-tak-tak ya kona ambayo kila mwenye gari la kuvuta mbele anaijua. Tairi nazo zilikuwa zinalika upande wa ndani. Nikatoa spesa, nikarudisha springi nzima na kufunga shokapu za Lancaster, ndugu wa gari hili hili aliyetengenezwa kwa ajili ya barabara mbaya, ambaye kiwandani alipewa milimita 200 kutoka ardhini. Hazikunifikisha huko, wala sikutaka zinifikishe. Nilitaka sentimita tatu tu, halafu alaimenti, kunyoosha magurudumu, siku hiyo hiyo. Chini ya injini fundi wa kuchomelea akanitengenezea kava la bati la milimita 3 lenye tundu la kumwagia oili na nafasi za kupitisha hewa. Hizo nafasi msizisahau. Bomba za moshi za injini hii zinapita chini yake na zinawaka moto kweli, nyasi kavu zikikusanyika juu ya bati lisilopumua mnaweza kupoteza gari kabla mvua haijafika.

Injini yenyewe ina turbo mbili na, kwenye karatasi, nguvu za farasi 280. Wapenzi wake wanalalamikia sehemu moja, karibu na mizunguko 4,500 kwa dakika, ambapo turbo ya pili inajiunga na ya kwanza na gari linasinzia. Wanapaita bonde la mauti. Kwa kweli mimi sijali. Kwenye tope la Nzuguni hufiki 4,500, na ukifika kwenye lami trafiki wenye tochi za kupima mwendo wanakusubiri. Sijaongeza presha ya turbo wala sitaongeza. Injini hii ilipangwa kunywa petroli ya daraja la juu kabisa ya kwao, hapa namshukuru Mungu inavyokubali tunachoipa.

Fedha iliyobaki niliimwaga kwenye mfumo wa kupoza injini. Kijana yule, au fundi wake, alikuwa ameng'oa themostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate joto, na kuiunga feni izunguke moja kwa moja tangu ukiwasha. Ile dawa yetu ya Afrika Mashariki nzima! Inaonekana inasaidia, kwa sababu mshale wa joto unashuka. Lakini injini sasa haifiki joto lake la kazi, inakunywa mafuta, oili inachafuka, na rejeta ikianza kuziba utachelewa kujua. Ndani ya rejeta kulikuwa na maji ya bomba yenye rangi ya chai.

Hapa kuna jambo ambalo wakazi wa mji huu hatulifikirii. Tuko takriban mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na kwa urefu huo maji ya kawaida yanachemka karibu nyuzi 96, si 100. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya gari ni presha inayoshikiliwa na kizibo cha rejeta, na kizibo kilichochoka kinauzwa bei ya chakula cha mchana. Nilibadilisha kizibo, nikarudisha themostati, nikaweka kulanti, dawa ya kupoza injini, nusu kwa nusu na maji safi, feni ikarudishiwa swichi yake. Hedi za Subaru, vifuniko vya silinda, zimelala pande mbili, kila moja na gasketi yake. Zikiungua unalia mara mbili.

Mkanda wa taimingi nilibadilisha pamoja na rola zake na pampu ya maji, bila kuuliza aliyetangulia alibadilisha lini. Ukikatika kwenye injini hii valvu zinagongana na pistoni, mazungumzo yameisha.

Chujio la hewa lilirudi la karatasi ndani ya boksi lake. Kiangazi nalikung'uta kila wiki mbili, na kama napiga upepo wa kompresa napiga kutoka ndani kwenda nje. Vumbi linalopita hapo linasaga mapanga ya turbo kama msasa, halafu linakwenda kukwaruza silinda. Huo ugonjwa hauonekani hadi moshi wa bluu uanze, na utauona mwezi wa pili, ukisubiri maji yapungue barabarani huku injini ikinguruma, ukidhani mvua ndiyo imeuleta.

Vivyo hivyo vitundu vya kutolea maji. Chini ya kila mlango kuna vitundu, na chini ya kioo cha mbele kuna mfereji. Mimi naegesha chini ya mwarobaini kama nusu ya watu wa mji huu. Majani makavu na vumbi vinatengeneza saruji humo ndani. Mvua ya kwanza ya Desemba niliyokuwa na gari hili, maji yalishuka kwenye miguu ya abiria, na chini ya zulia nikakutana na kutu ya kizamani, kovu la chumvi wanayomwaga barabarani huko kwenye theluji. Niliikwangua nikapaka dawa. Sasa kila Agosti napita na waya wa hanga, tundu kwa tundu. Ni kazi ya nusu saa, wala haihitaji fundi.

Yapo mambo gari hili haliwezi, na sitadanganya. Mjini linanipa kilomita saba kwa lita, jambo ambalo sipendi kulisema mbele ya mke wangu. Kijijini kwa mama, upande wa Bahi, ukiacha lami kuna udongo mzito ambao ukilowa unajaza tairi hadi inakuwa mviringo laini kama andazi, na hapo fowili ni jina tu. Naliacha kwa wenye duka barabarani, naingia kwa bodaboda. Korongo lenye maji yanayokimbia silivuki kwa gari lolote. Sentimita 30 za maji yanayokimbia zinaweza kubeba gari dogo, 60 zinabeba karibu gari lolote la familia, na wanaozama huwa wanasema gari lao liko juu. Kama nyumba yako haina lami kwa kilomita kumi kila upande, nunua gari la juu, sina ubishi. Wengi wetu tuna kilomita mbili tatu za tope halafu lami tupu hadi kazini.

Mwaka huu kazi iko karibu kwisha. Mafuta ya breki yamebadilishwa kwa sababu yana miaka miwili na hunyonya unyevu. Bushi za nyuma ziko kwenye basi la usiku kutoka Dar. Zimebaki raba za waipa, ambazo huwa nazisahau kila mwaka kwa kuwa kiangazi hazidaiwi. Mwaka jana nilizikumbuka nikiwa katikati ya mvua karibu na Ihumwa, jua la miezi saba limezikausha zikawa zinachora kioo tu kama vijiti. Nikasimama pembeni na taa za tahadhari. Kwa kukosa la kufanya nikabonyeza kile kitufe cha barafu. Kikawaka taa ya rangi ya chungwa, na baada ya dakika chache kioo pale chini kilikuwa cha moto kweli.