Anayekatazwa Boriti Ajengee Nini?

Fundi wa nyumba za udongo huku Pwani hutaja mahitaji yake kwa vipimo vya mkoko: fito za kufumia ukuta, pau za paa, mazio, boriti za kubebea dari, nguzo za kusimamishia nyumba. Ami yangu alipojenga nyumba yake ya mwisho alikataa katakata kuletewa mti mwingine, kwa kuwa, alisema, mkoko hauliwi na mchwa upesi. Ndiyo maana kila nikisikia mpango mpya wa kuhifadhi mikoko hutaka kujua kwanza huyo aliyezoea kwenda kukata ameandaliwa nini.

Misitu ya mikoko ya Kenya ilitangazwa kuwa hifadhi ya serikali tangu mwaka 1932, na shoka likaendelea kulia. Huko Gazi, kaunti ya Kwale, mikoko mingi ilikatwa katika miaka ya 1970 ikawa kuni za viwanda, na sehemu nyingine za ufuo zikabaki matope matupu hadi watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya walipoanza kupanda upya pamoja na wenyeji. Kazi yenyewe ni ya kuinama: maji yakitoka, mche mrefu wa mkoko, uliochipua ukiwa bado unaning'inia mtini, huchomekwa kwa mkono topeni, mmoja baada ya mwingine, kabla maji hayajarudi.

Kutokana na juhudi hizo ulizaliwa mradi wa Mikoko Pamoja, ambao tangu mwaka 2013 huuza hewa ya kaboni inayohifadhiwa na hekta 117 za mikoko, yaani hulipwa na wanaotaka kufidia hewa chafu wanayoitoa kwingineko, kwa niaba ya vijiji vya Gazi na Makongeni. Fedha zake hujadiliwa na wanakijiji wenyewe kupitia kamati wanayoichagua, na zimekwenda katika maji safi na vitabu vya shule. Mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa, na baadaye Vanga, Jimbo na Kiwegu wakafuata njia hiyo hiyo kwa hekta 460. Mimi nimekulia kijiji ambacho mradi mmoja ulichimba kisima, ukapiga picha, ukaondoka. Pampu ilipoharibika hakuna aliyejua spea inanunuliwa wapi, wala nani alishika fedha za matengenezo. Kwa hiyo kamati inayoweza kuulizwa hadharani naithamini kuliko tuzo.

Hata hivyo, hesabu isifichwe. Katika miaka ya mwanzo, tani zipatazo 3,000 za kaboni kwa mwaka zilileta takriban dola 12,000, yaani kama dola 4 kwa tani, au dola mia moja na kidogo kwa hekta moja ya msitu unaozuia mmomonyoko wa ufuo na kulea samaki. Nadhani bei hiyo ilikuwa ya chini mno, na aliyeipanga alikuwa mbali na Gazi.

Lakini kilichonivutia zaidi katika mradi huu hakihusu kaboni: ni mivinje iliyopandwa nchi kavu ili watu wapate miti ya kujengea na kuni bila kuingia mikokoni. Linganisha na Lamu, yenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, ambako marufuku ya kitaifa ya ukataji miti ya mwaka 2018 iliwakuta wakataji mikoko wakiwa hawana kazi nyingine ya kushika kesho yake. Wengi wao walikuwa wakikata kwa leseni. Kuwaita waharibifu wa mazingira, kama walivyoitwa na baadhi ya watu waliokuwa wakiandika wakiwa Nairobi, kulikuwa ni kutowatendea haki.

Nakiri kwamba mvinje si mkoko. Fundi niliyemwuliza aliupapasa mti, akautazama unyoofu wake, akasema utafaa kwa paa, ila chini, unapogusana na udongo, lazima upakwe oili chafu au dawa kabla ya kusimamishwa. Dawa hiyo hununuliwa dukani kwa pesa taslimu, na katika mipango yote ya uhifadhi niliyowahi kuisoma sijaona mahali gharama hiyo ilipoandikwa.