Nusu kaputi niliyoamkia kwenye kundi la samaki

Nilizinduka naongea na changu. Mama ndiye aliyenisimulia: macho nimeyakodoa, yanacheza kushoto kulia, namsihi samaki anishushe ufukweni. Masikini, akajua mwanawe kapandwa. Akaanza kunisomea Ayatul Kursi hapo hapo kitandani.

Bega lilikuwa limeteguka, kazi ya dakika kumi. Kanula, kile kijibomba cha kwenye mshipa, mkononi, bomba la sindano lenye kitu kisicho na rangi kama maji, nikaambiwa nihesabu. Nne siikumbuki.

Ile ilikuwa ketamini, dawa ya nusu kaputi, na naitetea. Mkemia Calvin Stevens aliitengeneza Marekani mwaka 1962, na mwaka 1964 ikajaribiwa kwa wafungwa wa Michigan (leo nani angekubali?). Sifa yake kubwa ni kwamba mgonjwa kwa kawaida anaendelea kupumua mwenyewe, na presha haiporomoki. Propofoli, dawa nyingine ya usingizi, ile nyeupe kama maziwa, hushusha vyote viwili. Kwa hospitali ya wilaya ambako umeme hukatika mtu yuko mezani na mtungi wa oksijeni unagombaniwa, tofauti hiyo ni uhai wa mama anayevuja damu. Ndiyo maana mwaka 2015, China ilipotaka Umoja wa Mataifa uibane ketamini kwa sababu ya walevi wanaoitumia kujistarehesha, Shirika la Afya Duniani lilikataa. Lilifanya vizuri sana.

Ila dawa hii haiuzimi ubongo wote. Inaukatia habari za mwili, halafu unabaki unazurura peke yake. Huko ndiko changu wanakotoka. Wataalamu wa usingizi wanalijua hili miaka yote. Wapo wanaoongeza dawa ya kutuliza kidogo, midazolamu au diazepamu, wapo wanaohakikisha mgonjwa anaamkia mahali pa kimya.

Mimi niliulizwa kama nimekula, kama nina meno ya bandia, nikatia sahihi fomu. Basi. Niliamkia kwenye korido, ndoo zinagongana. Ingegharimu nini kuniambia, "Ukiamka utaona vioja, vitapita, kwa hiyo lala ukiwaza kitu kizuri"? Sekunde tano. Na anayekaa kando ya kitanda naye aambiwe, maana mgonjwa husahau mengi; yeye ndiye anayebaki na picha ile.

Mama hadi leo nimemweleza nimechoka. Anaitikia, "Sawa, mwanangu, dawa." Halafu Alhamisi jioni nasikia harufu ya ubani chumbani kwangu.