Moyo mweusi sebuleni kwa dada

Jumapili iliyopita nilikwenda kula kwa dada yangu, Nkuhungu, nikakuta moyo mweusi umebandikwa ukutani, kati ya kalenda ya benki na picha ya harusi yao. Moyo wa penseli ya rangi, umekolezwa mpaka karatasi imetoboka upande wa chini. Pembeni pameandikwa kwa mwandiko wa mwalimu: "Moyo wangu nilivyozaliwa." Mchoraji ana miaka 7. Amerudi nao kutoka shule ya Jumapili, na mama yake kaubandika kwa selotepu kama watu wanavyobandika vyeti.

Sikusema kitu. Nilikuwa na njaa.

Baada ya ugali mtoto akatumwa jikoni kuleta chai. Mara tukasikia kishindo. Tukakimbia. Chupa ya chai iko chini, kioo cha ndani kimesagika chote, naye kasimama katikati ya dimbwi. Hakuungua, Mungu ashukuriwe, na wala halii. Dada akafoka, "Wewe mtoto wewe, kwa nini lakini?" Akajibu kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja jina la shule yake: "Si kwa sababu moyo wangu ni mweusi, mama."

Shemeji alicheka. Dada naye akacheka. Mimi nilirudi kukaa, na mpaka leo sijacheka.

Kabla hamjaanza kuniombea: nilibatizwa nina miezi mitatu, nikapata kipaimara, nikaimba sauti ya pili kwaya ya vijana mpaka nilipomaliza chuo. Sijaacha wokovu. Nina kero moja tu, fundisho la dhambi ya asili, na nimeibeba wiki nzima.

Unamwambiaje mtoto wa darasa la pili kwamba alikuwa na hatia kabla hajakatwa kitovu? Akiuliza alifanya nini, utamjibu nini? Hakufanya kitu. Kuna mtu alikula tunda, zamani sana, na deni limeandikwa kwa jina la huyu anayejifunza kufunga kamba za viatu. Mtoto mwenye akili ataifanyia taarifa hiyo mojawapo ya mambo mawili. Ataifanya kisingizio, kama huyu wetu, maana ukiwa mbovu tangu kiwandani chupa ya chai nayo si kosa lako. Au ataamini kweli, akue nayo.

Waliokua nayo ninawajua. Kuna dada mmoja tunafanya naye kazi Mtumba. Ripoti zote nzito za idara anaandika yeye. Ukimsifu anainamisha kichwa: "Mimi si kitu, ni neema tu, mimi ni mavumbi." Ilipotangazwa nafasi ya juu yake, hakuomba. "Mimi ni nani?" Aliyeomba ni kaka wa meza ya jirani, ambaye kwa mafundisho hayohayo naye ni mavumbi, ila mavumbi yake yalijaza fomu mapema. Sasa anasaini ripoti za yule dada. Mtaniambia huo ni unyenyekevu. Mnyenyekevu anajua anachoweza na hapigi kelele. Huyu hajui kabisa anachoweza, kwa sababu tangu utotoni kila akijitazama ndani anaambiwa asitazame, kunanuka.

(Na msinianzishie habari za Hawa, maana nimeshasikia mahubiri ya siku ya akina mama ya kutosha maisha mawili.)

Tufungue Ezekieli, sura ya 18. Watu wa Israeli walikuwa na mithali yao: mababa wamekula zabibu kali, na meno ya watoto yametiwa ganzi. Mhubiri wa Dar es Salaam atahitaji dakika 10 kuieleza. Sisi wa Dodoma tumeila. Nilipokuwa mdogo tulikuwa tunapita kwenye mashamba ya Mpunguzi kabla ya msimu, tunachuma zile bado za kijani, ngumu kama gololi, tunatafuna huku tumefumba jicho moja. Jioni huwezi kunywa hata maji. Ulimi ukigusa jino unasisimka mpaka kisogoni. Nilikula mimi, na meno yaliyokufa ganzi yalikuwa yangu. Mdogo wangu aliyekuwa mgongoni kwa mama hakuhisi kitu, na mama hakumchapa. Alinichapa mimi.

Na Mungu ndivyo anavyosema hapo, tena kwa ukali: mithali hiyo msiitumie tena. "Mwana hatauchukua uovu wa baba yake." Mstari wa 20. Sijaupindisha, kasome.

Sasa hii hatia ya kurithi tuliipata wapi? Maneno "dhambi ya asili" hayamo kwenye Biblia yako hata uitafute usiku kucha. Aliyeyakomaza ni Mwafrika mwenzetu, Agostino, askofu wa Hipo, nchi ambayo leo ni Algeria, aliyefariki mwaka 430. Kigiriki chake kilikuwa cha kuungaunga, akategemea Biblia ya Kilatini. Pale Warumi 5:12 Kilatini kilisomeka kama kwamba watu wote walifanya dhambi ndani ya yule mtu mmoja, Adamu. Kigiriki cha Paulo hakisemi hivyo. Chukua Biblia yetu hii ya Kiswahili, ile ya bibi yenye jalada jeusi: "mauti ikawafikia watu wote kwa sababu wote wamefanya dhambi." Wamefanya! Kila mmoja na yake. Watafsiri wetu walilipata, sisi tunasoma kila mwaka tunapita. Mwaka 418 maaskofu walikutana Karthago wakamkataa Pelagio, mwalimu aliyekana kwamba tunarithi dhambi ya Adamu, pamoja na wenzake, wakasisitiza kwamba hata mtoto mchanga anabatizwa ili aondolewe dhambi aliyorithi. Waorthodoksi, ambao Kigiriki ni lugha ya kanisa lao, wanakubali kwamba tumerithi kufa na udhaifu. Hatia ya Adamu wanamwachia Adamu. Na jirani yangu Mwislamu wa Kondoa ananishangaa tu: kwao mtoto huzaliwa msafi, basi.

Mtaniletea Zaburi ya 51, "Mama yangu alinichukua mimba hatiani." Ndiyo. Anayesema ni Daudi, aliyetoka kumchukua mke wa Uria na kumuua Uria. Mtu wa namna hiyo akilia hivyo, mwache alie. Mtoto wa dada yangu hajaua mtu.

Haya, nikubali na mengine, kwa shingo upande. Agostino hakuwa mjinga. Aliona mtoto ambaye hata kusema hajui, amekunja uso kwa wivu akimtazama mwenzake ananyonya, na aliyelea mapacha hawezi kumbishia. Kitu kimepinda ndani yetu, nakubali, huwa nakiona nikiwa kwenye foleni ya mafuta. Na fundisho hili angalau linamweka askofu na mlevi wa kilabuni benchi moja. Lakini kuzaliwa na mguu uliopinda ni jambo moja, na kushtakiwa kwa sababu unachechemea ni jambo jingine.

Wa laana za ukoo siwapi aya nzima. Hao wamechukua fundisho hilihili wakaliwekea bei ya bahasha.

Bibi yetu mzaa mama alikuwa wa Mvumi, mtu wa uamsho hasa, wale wa kusimama mbele za watu na kutubu. Ndiye anayenitatiza, kwa sababu hakuna mwanamke niliyemwona akitembea amenyooka kama yeye. Mama alitusimulia kwamba mwaka mmoja wa njaa bibi alichota uwele kwenye ghala la jirani, usiku. Alipookoka alisimama kwenye ushirika akataja: debe moja, la fulani, usiku. Mavuno yalipokuja akajaza debe lake, akajitwisha, akalipeleka mchana kweupe watu wakimtazama. Jirani alipokea, wakanywa togwa. Bibi aliimaliza siku hiyohiyo. Dhambi yake ilikuwa na jina, na kipimo, na mwenyewe wa kurudishiwa. Ungemwambia ana hatia kwa kuzaliwa, angepeleka debe la nini, na kwa nani?

Dada alinisikiliza yote haya Jumapili ile (kwa ukali zaidi, nakiri), halafu akauliza kwa upole wake wa siku zote: "Mdogo wangu, watoto wakizaliwa wazima, msalaba ulikuwa wa nini?" Swali zuri, na sikuwa na jibu la mezani. Nilichokumbuka nikiwa kwenye daladala ni kwamba walipomletea Yesu watoto, hakuanza na hali ya mioyo yao. Wanafunzi ndio walioanza na masharti. Yeye alichukizwa, akawakumbatia. Habari za toba aliwapelekea watu wazima, wenye madebe ya wenzao ndani.

Juzi nikarudi na chupa mpya ya chai, kwa sababu najua nilivyopiga kelele. Moyo bado uko ukutani. Nikamkuta mtoto uani anasuuza sahani, nikachuchumaa. "Ile chupa ilivunjikaje?"

"Moyo wangu..."

"Achana na moyo. Mikono yako ilikuwaje?"

Akafikiri. "Ilikuwa na sabuni. Na nilikuwa nakimbia, katuni ilikuwa imeanza."

"Umemwambia mama?"

Hakuwa amemwambia. Akaenda mwenyewe, matone yakimfuata mpaka mlangoni, akasimama mbele ya mama yake akasema: nilikimbia nikiwa na sabuni mikononi, samahani. Dada akanitupia jicho, halafu akamtazama mwanawe. "Utaosha vyombo wiki nzima."

Mtoto akaomba iwe siku tatu. Wakaelewana nne.